Nani Mwenyeji wa Kastellorizo?

Mazungumzo niliyoyatoa Mji Mkongwe, Zanzibar. Wengi waliokosa kufika wameniomba niyaandike, nami nimeyaacha kama nilivyoyasema.

Assalaam aleikum. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Kina mama, ndugu zangu, na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, nashukuru sana kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya watu mchanganyiko katika kisiwa kidogo cha Ugiriki. Najua wengi wenu visiwa vya Wagiriki mnavijua kwa picha za kalenda: nyumba nyeupe, kuba za buluu, maharusi wanapiga picha jua likizama. Leo sitawapeleka huko. Nitawapeleka Kastellorizo, kisiwa cha mwisho kabisa chenye wakazi cha Ugiriki upande wa mashariki, mahali ambapo ukitazama ramani unajiuliza kimefikaje pale. Nimeishi Rhodes, kisiwa kikubwa cha Ugiriki, miaka mingi, kwanza kwenye mahoteli, baadaye kwenye ukalimani, na kazi ndiyo iliyonifikisha Kastellorizo mara ya kwanza. Baada ya hapo nilirudi kwa ajili ya watu wake.

Kisiwa chenyewe ni mwamba wa kama kilomita za mraba 9. Wakazi wake ni kama mia tano. Rhodes, ambako wanakwenda kumwona daktari bingwa, iko zaidi ya kilomita 120 upande wa magharibi. Na Uturuki je? Kilomita 2 hivi. Ukisimama gatini usiku unazihesabu taa za mji wa Kaş ng'ambo, moja moja. Kutoka hapa tulipo hadi Bara ni zaidi ya mara kumi ya umbali huo.

Sasa nawauliza: katika kisiwa cha watu mia tano, nani mwenyeji? Aliyezaliwa pale? Babu yake aliyezaliwa pale? Au anayekesha pale usiku wa Januari, upepo unapokata mawasiliano na dunia?

Jibu langu nalitanguliza, msije mkadhani nalificha. Kastellorizo kingekuwa gofu leo hii kama kingewategemea watu wa damu moja peke yao. Kimebaki na uhai kwa sababu ya watu waliovuka bahari: waliovuka kuingia, waliovuka kutoka, waliovuka kurudi. Mchanganyiko wa watu haukuongezwa juu ya maisha ya kisiwa kama pambo. Mchanganyiko ndio maisha yenyewe ya kisiwa.

Nianze na jambo dogo: nyanya.

Kisiwa hakina mto. Hakina shamba la maana. Maji yanatoka kwenye mtambo wa kuondoa chumvi ya bahari. Kila kitu, unga, mafuta, saruji, dawa, kinakuja kwa meli kutoka Rhodes na Piraeus, na meli inakuja mara chache kwa wiki. Upepo ukichachamaa haiji. Kuna uwanja mdogo wa ndege, lakini upepo huohuo unaoizuia meli unaizuia na ndege. Meli inapopiga honi, mji mzima unashuka gatini: mwenye mzigo na asiye na mzigo, anayepokea mgeni na anayetaka tu kujua nani kafika. Nyanya iliyosafiri hivyo inafika imechoka, na bei yake nayo imepanda.

Ng'ambo, Ijumaa ni siku ya gulio Kaş. Basi Ijumaa asubuhi utawaona kina mama wa Kastellorizo na vikapu vyao wanapanga foleni kwa boti. Pasipoti zinagongwa muhuri, safari ni kama dakika 20, na umeshafika nchi nyingine, watu wa dini nyingine, fedha nyingine. Wananunua nyanya, mbilingani, mizeituni, mashuka, viatu vya watoto vya shule. Jioni wanarudi. Na siku nyingine boti ileile inawaleta Waturuki kuja kula pweza na samaki kwenye meza zilizopangwa ukingoni kabisa mwa maji, pale ambapo kasa wakubwa wa baharini wanaibua vichwa kuomba vipande vya samaki.

Mama aliyenipangisha chumba alikuwa na muuza mboga wake Kaş. Yeye hajui Kituruki zaidi ya namba na salamu. Yule mzee hajui Kigiriki zaidi ya namba na salamu. Wamefanya biashara hivyo miaka na miaka, kila mmoja akihesabu kwa lugha ya mwenzake, kwa heshima. Siku moja boti ilirudi bila mzigo wake wa kawaida, nahodha akasema: mzee kafiwa na mkewe. Mama yule hakungoja Ijumaa. Alipika ngano iliyochanganywa na karanga na kokomanga, chakula ambacho Wagiriki humpikia marehemu, akavaa nguo nyeusi, akavuka kesho yake kwenda kuhani. Akaketi na wanawake wa Kiislamu asiowajua, katika lugha asiyoielewa, mpaka alasiri.

Nani alimtuma? Serikali gani? Mradi gani wa amani?

Na msidhani huyu mama haijui historia. Anaijua vizuri. Hadi mwaka 1922 Kaş ilikuwa na Wagiriki wengi, na wengi wao asili yao ni Kastellorizo. Kukawa na vita kati ya Ugiriki na Uturuki, na mwaka 1923 mkataba wa Lausanne ukaamuru kubadilishana watu. Wakristo wa Kiorthodoksi zaidi ya milioni moja waliihama Uturuki, wengi wao wakiwa wamekwisha kimbia kabla mkataba haujatiwa saini. Waislamu wapatao laki tatu na nusu hadi nne waliondolewa Ugiriki. Kigezo kilikuwa dini. Mtu aliyesema Kituruki tangu kuzaliwa alipelekwa Ugiriki kwa kuwa ni Mkristo. Mtu wa Krete aliyesema Kigiriki tangu kuzaliwa alipelekwa Uturuki kwa kuwa ni Mwislamu. Leo kanisa la zamani la Wagiriki wa Kaş ni msikiti. Na msikiti wa zamani wa Kastellorizo, uliojengwa karne ya 18 mdomoni mwa bandari, ni jumba la makumbusho. Kila upande umebaki na jengo la jirani yake.

Wala msidhani mambo ni shwari leo. Mnakumbuka mwaka 2020? Uturuki ilituma meli ya kutafiti gesi katika maji ambayo Ugiriki nayo inayadai, na jina la Kastellorizo likasomwa katika taarifa za habari za dunia nzima. Tarehe 12 Agosti manowari ya Kigiriki na manowari ya Kituruki ziligongana baharini. Mwaka huohuo korona ilifunga mpaka, boti za Kaş zikasimama. Waandishi wa habari walikuja kisiwani wakiuliza: mnaogopa vita? Watu waliogopa, ndiyo. Lakini katika mikahawa ya gatini swali lililorudiwa zaidi lilikuwa jingine: boti itaanza lini tena?

Kisiwa hiki kinaipenda bendera yake, hilo lazima niliseme. Karibu yake kuna kisiwa kidogo zaidi kiitwacho Ro, na huko aliishi mwanamke aitwaye Despina Achladioti, miaka kwa miaka, sehemu kubwa akiwa peke yake, na kila asubuhi alipandisha bendera ya Ugiriki, hadi alipofariki mwaka 1982. Wagiriki wote wanamjua. Sanamu yake ipo bandarini Kastellorizo, na chini ya macho yake kina mama wanapanda boti ya kwenda sokoni Uturuki. Mimi naona hakuna ugomvi hapo. Mtu anaweza kuipenda nchi yake kwa moyo wote na akamzika jirani wa nchi nyingine.

Mwaka 2024 Ugiriki ilianza kuwapa Waturuki viza ya siku 7 wafikapo tu bandarini, kwa visiwa kumi vya mpakani, Kastellorizo kikiwemo. Wakubwa wamewafuata wauza mboga. Wamechelewa, lakini wamewafuata.

Ndugu zangu, nije kwa walioondoka.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kisiwa hiki kilikuwa na watu karibu elfu kumi. Elfu kumi juu ya mwamba ule! Walikuwa na merikebu, walibeba mbao na mkaa kutoka pwani ya Anatolia, yaani Uturuki ya leo, hadi Misri, walijenga majumba ya ghorofa yenye roshani za mbao. Kisha pigo juu ya pigo. Meli za mvuke ziliua merikebu za tanga. Wafaransa walikikalia kisiwa kuanzia 1915, na Januari 1917 mizinga ya Waturuki kutoka ng'ambo iliizamisha meli ya kivita ya Waingereza ndani ya bandari. Mwaka 1921 wakaja Waitalia. Mkataba wa Lausanne ukakata mashamba na biashara ya bara. Mwaka 1926 tetemeko. Watu wakaondoka, familia kwa familia, wakaenda Misri, na zaidi ya yote wakaenda Australia: Perth, Sydney, Melbourne. Leo wenye asili ya Kastellorizo waliopo Australia ni wengi mara nyingi kuliko waliopo kisiwani.

Na wanarudi. Kila kiangazi wanarudi. Kuanzia Mei, kwenye sikukuu ya Mtakatifu Konstantino na Helena tarehe 21, hadi Septemba, Kiingereza cha Australia kinasikika kila meza. Hapa Zanzibar sina haja ya kuwaeleza mengi. Ni wangapi humu ndani mna jamaa Maskati waliozaliwa kulekule, wanaongea Kiswahili nyumbani, na wakija hapa wanauliza kichochoro kwa jina ambalo vijana wa leo hawalijui tena? Nyanyueni mikono. Naona. Basi mnaelewa.

Mnaelewa pia kwamba kurudi kuna maumivu yake. Nyumba ndiyo tatizo. Unakuta gofu zuri mbele ya bahari, kuta zimesimama, paa hakuna, mti wa mtini umeota sebuleni. Kwa nini haijengwi? Kwa sababu warithi ni wengi, wametawanyika mabara mawili, wengine hawajawahi kuonana, na mmoja hataki kutia saini. Vijana waliozaliwa kisiwani, wanaofundisha shule au kuendesha mtambo wa maji, wanatafuta chumba cha kupanga mwaka mzima na hawapati, kwa kuwa kila chumba kinasubiri mgeni wa Agosti. Hasira hiyo ni ya haki. Mtu akisema kisiwani kwamba anayekuja wiki sita kwa mwaka asiwe na sauti sawa na anayekaa wiki zote, mimi nampa haki yake.

Lakini sikilizeni kisa hiki. Bwana mmoja, aliyezaliwa Perth, alistaafu akaja kuifufua nyumba ya bibi yake. Aliwalipa jamaa zake wote, akamaliza kesi, akamchukua fundi. Fundi ni Mualbania. Tangu mwaka 1991, ukomunisti ulipoanguka Albania, mafundi wengi wa mawe katika visiwa vya Ugiriki wametoka huko. Kuta mnazoziona katika picha za kalenda, ngazi, matuta ya mashamba, sehemu kubwa imejengwa au imekarabatiwa na mikono yao, na mara nyingi bila shukrani. Huyu fundi alikuja peke yake, akamleta mkewe, binti yao akazaliwa.

Majira ya baridi ya kwanza, wanakijiji walimwita yule bwana "Mwaustralia". Alikuwa akisema Kigiriki cha bibi yake, maneno ya mwaka 1910, maneno ambayo hata wazee walikuwa wameyasahau, wakicheka kwa furaha kuyasikia. Binti wa fundi anasema Kigiriki cha leo cha kisiwani, lafudhi kamili, matusi ya watoto wa gatini na yote. Mmoja ana damu na hana lafudhi. Mwingine ana lafudhi na hana damu. Nani mwenyeji?

Shule ilijibu kabla ya wanasheria. Shule ya kisiwa kidogo inaishi kwa hesabu: watoto wakipungua, walimu wanapunguzwa, mwishowe mlango unafungwa, na shule ikifungwa familia zinahama, na familia zikihama kisiwa kinabaki cha wazee na watalii. Kila mtoto ana thamani, awe wa fundi Mualbania, wa mpishi kutoka Bulgaria, wa askari aliyehamishiwa pale kutoka Thessaloniki. Huko Ugiriki bara, mwaka 2000 na tena 2003, nchi nzima iligombana kwa kuwa mwanafunzi bora wa shule moja alikuwa Mualbania na kwa kanuni alistahili kubeba bendera kwenye gwaride. Wazazi waliandamana. Kisiwani, ambako darasa zima linaweza kuketi kwenye meza mbili, nilimwona binti wa fundi akisoma shairi la sikukuu ya taifa tarehe 25 Machi mbele ya padri, meya na kamanda, na mbele kabisa alikaa yule bwana wa Perth akilia waziwazi. Bendera ilibebwa na waliokuwepo kuibeba.

Mnataka kujua wanakula nini? Wana kitu kinaitwa katoumari. Unasukuma donge la unga mpaka liwe jepesi kama kitambaa, unapaka siagi, unakunja, unasukuma tena, unakaanga, unanyunyiza sukari. Mara ya kwanza kukionja nilisema: hii ni chapati ya kukunja ya nyumbani kwetu! Waturuki ng'ambo wanayo pia, wanaiita katmer. Kila upande unaapa kwamba ni yake, na kila upande unakwambia siri iko kwenye mkono wa mama mzazi.

Kuna usiku mmoja ningependa muuone. Ni mkesha wa sikukuu ya Nabii Ilya, tarehe 19 Julai. Watu wa Kastellorizo wanajitupa baharini wakiwa na nguo zao zote. Mji mzima. Wazee, watoto, wahudumu wa mikahawa na aproni zao. Ukisimama pembeni ukijidai mgeni, unasukumwa. Mwaka mmoja nilimwona askari polisi wa bandari, mtu anayegonga muhuri pasipoti za Waturuki, akisukumwa majini na Mturuki aliyemgongea muhuri asubuhi yake. Waitalia nao wamo, kwani tangu filamu moja ya kwao iliyopigwa kisiwani ipate Oscar mwaka 1992, wanakuja kila kiangazi kama wanaohiji. Ni watoto wa watu waliokikalia kisiwa kwa nguvu miaka ishirini na zaidi, na leo wanapokewa kwa chai. Wazee wa kisiwa hawajasahau lolote kuhusu enzi ya Mussolini, watakusimulia ukiwauliza. Wanapokea watoto bila kufuta waliyotenda baba zao.

Sasa nifike kwenye jambo zito, na hapa naomba utulivu.

Septemba 1943 Italia ilisalimu amri. Waingereza waliingia Kastellorizo, na ndege za Wajerumani zikaanza kukipiga mabomu. Watu walihamishwa karibu wote, kwanza Kupro, kisha wakapelekwa kambini. Mnajua kambi ilikuwa wapi? Nuseirat. Gaza. Wakristo wa Kigiriki kutoka kisiwa cha mpakani mwa Uturuki walilala katika mahema ya Gaza hadi vita vilipokwisha. Nyuma yao, mwaka 1944, ghala la mafuta lililipuka na moto ukateketeza sehemu kubwa ya mji. Septemba 1945 mamia yao walipanda meli iitwayo Empire Patrol huko Port Said kurudi kwao. Meli ilishika moto siku hiyohiyo ya kuondoka. Watu 33 walikufa. Waliookoka walifika na kukuta nyumba zimeungua na zilizosalia zimeporwa. Wengi hawakufungua hata mizigo. Waliendelea mbele hadi Australia.

Na hawakuwa peke yao. Kutoka Samos, Chios na Lesbos, maelfu walivuka kwa mashua ndogo usiku kuikimbia njaa na Wajerumani, wakaingia Uturuki, Uturuki ikawapitisha, wakafika Syria, katika mji wa Aleppo. Kutoka hapo wengine walisafirishwa hadi Afrika, hadi Kongo ya Wabelgiji. Wavuvi wa visiwa vile walihifadhiwa katika nchi ambako leo mamilioni wanazungumza Kiswahili. Nasema haya kwa sababu tumezoea kufikiri safari za mashua zinaelekea upande mmoja. Sisi wa huku tuna ukumbi Dar es Salaam, pale Mnazi Mmoja, wenye jina la Mgiriki, Arnautoglu. Mashamba mengi ya mkonge ya Tanganyika yalikuwa ya Wagiriki. Walikuja kwetu kutafuta maisha, kama wengine wanavyokwenda kwao kutafuta maisha.

Mwaka 2015 na 2016 mashua zilifika Kastellorizo kutoka pwani ya Kaş. Ndani yake walikuwamo Wasyria. Walikuwamo watu wa Aleppo. Nalirudia jina hilo: Aleppo.

Kisiwa hakikuwa na kambi. Watu walilala kando ya gati, wakingoja meli ya kwenda Rhodes. Niliitwa kukalimani kwa familia za Kisomali, kwa kuwa baadhi yao walijua Kiswahili cha Nairobi. Nitawaambia nilichokiona, kizuri na kibaya. Mwenye hoteli mmoja alilalamika kwa sauti kwamba wageni wake wanafuta nafasi, na alikuwa anasema kweli, walikuwa wanafuta, na yeye alikuwa na mkopo benki. Kulikuwa na maneno makali ya "hawa" na "sisi". Na kulikuwa na bibi mmoja wa miaka zaidi ya themanini, aliyekuwa mtoto Nuseirat. Alishuka ngazi za mtaa wake akiwa na mablanketi mikononi, anapumzika kila ngazi chache. Nikamwambia, yaya (ndivyo Wagiriki wanavyomwita bibi), niachie nibebe. Akakataa. Akanieleza kwamba Gaza mwanamke wa Kiarabu alimpa mama yake ndoo, na kwamba mama yake aliitaja ndoo ile mpaka anakufa. Akataka ayatoe mablanketi kwa mkono wake mwenyewe.

Na yule mwenye hoteli? Siku ya tatu alifungua vyoo na mabafu ya chini. Hakusema kitu. Hakuacha kulalamika pia. Alilalamika huku vyoo viko wazi, wanawake na watoto wanaoga maji moto. Watu wanauliza, je, yule ni mwema au mbaya? Mimi nasema ni jirani. Katika mahali padogo huwezi kumfungia mtu mlango halafu ukapita mbele yake mara sita kwa siku.

Lakini msinielewe vibaya nikaonekana nasema kisiwa kidogo kina miujiza. Upo ukomo. Lesbos ni kisiwa kikubwa, na watu wa kijiji cha Skala Sykamnias, wengi wao wajukuu wa wakimbizi wa 1922, waliwatoa watu majini kwa mikono yao, mpaka bibi mmoja wao akapendekezwa kwa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2016. Kisiwa hichohicho kikawa na Moria: kambi ya watu kama elfu tatu iliyorundikwa zaidi ya elfu kumi na mbili kabla ya kuteketea Septemba 2020. Walikuwamo Wakongomani wengi, na Kiswahili kilisikika katika foleni za chakula Moria. Kwa nini kijiji kiliweza na kambi ikashindwa? Si kwa kuwa watu wa kijiji wana roho nzuri zaidi. Ni kwa kuwa kambi ilizungushiwa waya. Mtu aliye ndani ya waya hanunui mkate kwako, mtoto wake hakai dawati moja na wako, humjui anaumwa, hujui kafiwa. Unaiona idadi tu. Na watu wa Lesbos wenyewe walichoka, wakaona serikali yao na Ulaya nzima imewaachia mzigo, na uchovu ule ukageuka chuki kwa baadhi yao. Wakongomani walilipia uamuzi uliofanywa Brussels na Athens.

Tilos, kisiwa kingine kidogo kati ya Kos na Rhodes, kilifanya vingine. Meya wake alizipokea familia chache za Wasyria, si maelfu, familia chache. Watoto wakaingia shule, wazazi wakapata kazi kwenye tanuri la mikate, hotelini, kwa mafundi. Baadhi waliondoka baadaye kwenda Ujerumani, na kisiwa kikawasikitikia kama kinavyowasikitikia vijana wake. Hesabu ilikuwa ndogo na mlango ulikuwa wazi. Ndiyo tofauti yote.

Nimalizie na swali aliloniuliza kijana mmoja mlangoni kabla hatujaanza. Ameniambia: "Shangazi, mtu mweusi anaishije huko?" Nimemwahidi nitamjibu mbele ya wote.

Mwanangu, siku ya kwanza wanakutazama sana. Kisiwani hakuna wa kujificha nyuma yake. Wanauliza maswali ambayo mjini mtu angeona aibu kuuliza: umeolewa, unalipwa kiasi gani, kwa nini umekuja. Ukijibu, kesho yake habari zako zimefika kabla yako dukani, na muuzaji anakuita kwa jina lako. Huo ndio uzuri wake na huo ndio uzito wake. Nimetukanwa Ugiriki, nisikudanganye, lakini zaidi mjini kuliko kisiwani, na zaidi na watu wasionijua kuliko wanaonijua.

Kigumu kuliko macho ya watu ni karatasi. Jirani anaweza kukuita mwenyeji, na ofisi ya vibali ikakuita nambari. Watoto waliozaliwa na kusoma Ugiriki waliishi miaka bila uraia. Giannis Antetokounmpo, mchezaji wa mpira wa kikapu mnayemshangilia, alizaliwa Athens mwaka 1994 kwa wazazi wa Kinigeria, na uraia wa Ugiriki aliupata mwaka 2013, alipokuwa anakaribia kwenda kucheza Marekani. Mwaka 2015 ilipitishwa sheria inayowaruhusu watoto wa wahamiaji waliosoma shule za huko kuomba uraia, kwa masharti. Binti wa fundi niliyewasimulia ameupata kwa njia hiyo. Baba yake bado anapanga foleni ya kibali kila kinapokaribia kwisha, katika nchi ambayo amejenga nusu ya ngazi za kisiwa chake.

Kwa hiyo ukitaka kwenda, nenda na karatasi zako sawa, usimpe wakala fedha za mashua, na jifunze kuhesabu kwa Kigiriki kabla hujajifunza kingine chochote. Waliobaki na maswali, hasa nyinyi mliosimama nyuma, njooni mbele, viti sasa vipo. Ahsanteni.